Majina ya wafu kwenye kuta za Prague

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mjini Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, waandishi wa riwaya wamekataa kuukubali msemo huo. Ukiwa na saa mbili na viatu visivyobana, msomaji, unaweza kuwafuata kwa miguu.

Anzia Uwanja wa Mji Mkongwe, mbele ya jumba la Kinský. Februari 1948, kiongozi wa Wakomunisti, Klement Gottwald, aliuhutubia umati kutoka roshani ya jumba hili. Hapa ndipo Milan Kundera alipoianzia riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu kicheko na kusahau. Anasimulia kuwa theluji ilikuwa ikianguka, na mwenzake Gottwald, Vladimír Clementis, akavua kofia yake akamvika. Mwaka 1952 Clementis alinyongwa kwa madai ya uhaini, na sura yake ikafutwa pichani. Kofia ikabaki kichwani mwa mkubwa! Kundera mwenyewe alinyang'anywa uraia mwaka huo wa 1979. Alirudishiwa mwaka 2019, akafariki 2023 huko Paris.

Sasa teremka hadi mto Vltava. Kando yake lipo jumba la muziki la Rudolfinum, lenye sanamu za watunzi wa muziki juu ya paa. Katika riwaya ya Jiří Weil iliyotoka mwaka 1960, Wanazi wanaamuru sanamu ya Mendelssohn ishushwe kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Sanamu hazina majina. Vibarua wanaamua kutafuta yenye pua kubwa kuliko zote, na nusura wamwangushe Wagner, kipenzi cha Hitler. Utacheka, lakini si kwa muda mrefu, maana kurasa zinazofuata ni za watu wanaosombwa kupelekwa Terezín, na kutoka huko hadi kwenye kambi za mauti.

Weil aliyajua hayo. Mwaka 1942, alipotakiwa kusafirishwa, alijifanya amejiua, akajificha hadi vita vikaisha. Alifariki mwaka 1959, kabla ya kukiona kitabu hicho.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo ni sinagogi la Pinkas. Kuta zake zimeandikwa kwa mkono majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa nchi hiyo waliouawa na Wanazi. Yaliandikwa miaka ya 1950. Mwaka 1968 jengo lilifungwa kwa sababu ya unyevu, na majina yakapotea. Kati ya 1992 na 1996 yaliandikwa upya, moja baada ya jingine.

Wengi wa watu hao hawana kaburi. Ukifika, usipite mbio. Chagua jina moja, ulisome pamoja na tarehe zake. Hayupo, lakini lake lipo.