Sauti ya Glasi

Huenda ukashangaa kwamba nampenda mpiga piano ambaye sikupata kumwona, na ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Jina lake ni Bill Evans, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufa mwaka 1980. Katika picha zake huonekana ameinama juu ya piano hata uso unakaribia kuvigusa vidole, kama mtu anayesikiliza siri.

Muziki wake wa jazi ulistawi katika vilabu vidogo. Kimojawapo ni Village Vanguard, mjini New York, chumba kilicho chini ya ardhi, ambacho hakiwezi kuchukua watu zaidi ya madarasa matatu ya shule zetu. Humo, Jumapili tarehe 25 Juni 1961, Evans alipiga vipindi vitano, mchana na usiku, na mitambo ikazinasa sauti. Paul Motian alipiga ngoma. Scott LaFaro alipiga besi, ile fidla kubwa inayompita mpigaji kwa urefu. Besi ilikuwa imezoea kufuata nyuma ya piano kama mtumishi. LaFaro hakufuata; alijibu. Evans alipoanza neno, mwenziwe alilimaliza, wala hukuweza kusema nani bwana wa mazungumzo. Tarehe 6 Julai LaFaro akafa katika ajali ya gari, naye ana miaka 25 tu. Evans aliona huzuni kubwa hata akaacha kupiga mbele ya watu kwa miezi kadhaa.

Habari hizi nilielezwa mara ya kwanza katika chuo cha ualimu. Alasiri moja ya joto mkufunzi wetu, mtu mpole sana, alituletea santuri ya siku ile. Nakiri kwamba mimi na mwenzangu tulikaa nyuma tukinong'onezana habari za mpira, na mara mbili tulicheka. Mkufunzi hakutukemea. Alisimama dirishani mpaka upande wa kwanza ukaisha, akaifuta santuri kwa leso, akairudisha katika jalada lake. Hakuileta tena.

Miaka ilipita nikaitafuta mwenyewe. Piano ilipopiga polepole nilisikia jambo ambalo darasani halikunifikia: glasi zikigongana, watu wakizungumza, mtu akicheka. Walikaa hatua chache tu kutoka kwa Evans, na LaFaro alikuwa amebakiwa na siku kumi na moja za kuishi, nao walikuwa wakipiga soga! Niliwakasirikia, pengine kwa dakika moja. Kisha nikalikumbuka dawati langu la nyuma.

Nilikwenda kumwomba mkufunzi radhi, nikaambiwa alikwisha zikwa.

Siku hizi huisikiliza usiku, madaftari ya wanafunzi yakiisha kusahihishwa. Glasi zinapogongana husogeza kiti karibu zaidi, maana nyuma yake piano ingali inaendelea, na besi inaijibu.