Kutoka Litapunga hadi Karema na Mtoto Asiyekula Karanga

Ukifika Litapunga wakati wa mavuno utapewa karanga kabla hujapewa kiti. Kata yetu iko katika Wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi, si mbali na mji wa Mpanda. Wenyeji ni mchanganyiko wa makabila mengi, na pamoja nao wapo ndugu zetu ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi mwaka 1972 na ambao sasa ni raia wenzetu. Tunatofautiana kwa lugha za nyumbani na kwa makanisa, lakini jikoni tunafanana. Matembele hutiwa karanga, kisamvu hutiwa karanga, mlenda hutiwa karanga, dagaa nao mara nyingine hutiwa karanga, na uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa ndiyo usiseme. Mama asiyetia karanga katika mboga huonekana mchoyo au mvivu wa kutwanga.

Katika kata hiyohiyo alizaliwa binti wa mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani. Alipokuwa na umri wa miaka minne alikula matembele kwenye sherehe ya ubatizo, na kabla hajamaliza tonge la tatu midomo ilivimba, mwili ukajaa mabaka ya kuwasha, akatapika, kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi. Wazee wakasema ni jicho la mtu. Mama yake hakubishana nao. Alimbeba mgongoni na kukimbilia zahanati, na tabibu aliyekuwa zamu akamchoma sindano ya adrenalini pajani. Mtoto akapona mbele ya macho ya watu.

Hali hiyo huitwa aleji, au mzio. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huichukua karanga kuwa adui na kuipiga kwa nguvu zote, na vita hiyo ndiyo inayomwumiza mtu. Si sawa na tumbo kujaa gesi baada ya kula maharage. Chembe ndogo tu inatosha kwa baadhi ya watu, na kuchemsha au kukaanga hakuondoi hatari. Karanga iliyokaangwa inaweza hata kuwa kali zaidi. Hata hivyo tusiogopane bure. Watu wenye aleji ya namna hii ni wachache, na utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa katika hatari ya kuipata, wakianza kulishwa karanga laini mapema katika mwaka wa kwanza, walipungukiwa sana na aleji hiyo. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mzima asiondoe karanga katika uji wa lishe kwa kusoma makala hii. (Mtoto apewe iliyosagwa, si punje, maana punje humpalia.)

Mwezi wa Agosti 2014 sisi akina mama saba tulipanga safari. Tulikuwa na mkutano wa sala Kigoma, na tulitaka kurudi kwa meli hadi Karema ili tupaone mahali alipofanya kazi Adrian Atiman. Mama wa binti alitaka kubaki. Binti alikuwa na miaka tisa, hajawahi kuona ziwa, na mama alisema ni afadhali asilione kuliko kufia humo. Wawili kati yetu ni wauguzi. Tulimwambia kwamba mtoto hawezi kufungiwa Litapunga maisha yake yote, na kwamba kazi yetu ni kujua atakula nini kila mahali tutakapokaa. Tulizungumza naye siku tatu mpaka akakubali.

Tulinunua sufuria mpya, sahani, kikombe na kijiko, tukavifunga uzi mwekundu. Tulitwanga unga kwa kinu cha kuazima ambacho hakijawahi kutwangiwa karanga, na kukipata kinu cha namna hiyo Litapunga ilikuwa kazi kuliko kupata nauli. Tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha, muhogo na chupa ya asali. Tabibu alitupatia ampuli tatu za adrenalini pamoja na mabomba ya sindano. Dawa hiyo haipendi mwanga wala joto, hivyo tuliifunga kwa karatasi nyeusi na kuiweka katikati ya nguo. Ikibadilika rangi kuwa ya waridi au kahawia, haifai tena.

Treni ya Mpanda hupita msituni, ikavuka mto Ugalla, mpaka Kaliua inapokutana na reli ya kati. Kila kituo madirisha yalijaa mikono: mahindi ya kuchemsha, asali, mayai, na karanga ndani ya vikaratasi vilivyosokotwa. Maganda yalizagaa sakafuni na juu ya viti. Tulifuta viti kwa kitambaa na sabuni, maana maji matupu hayaondoi mafuta ya karanga mikononi. Abiria wenzetu walituona watu wa kujisikia. Tukawaeleza, nao wakahamishia karanga zao upande wa pili wa behewa, wengine wakicheka.

Kigoma tulijifunza jambo kubwa kuhusu kuuliza. Ukimwuliza mama lishe, "Kuna karanga humu?" atakujibu, "Hakuna," naye hasemi uongo. Anaona mchuzi hauna karanga zinazoonekana, na tena hataki mgeni aondoke na njaa. Tuliacha kuuliza hivyo. Tukawa tunasema, "Dada, huu mchuzi ulianza na nini na ukaishia na nini?" Hapo anaanza kusimulia: mafuta ya mawese, kitunguu, nyanya, migebuka, chumvi. Swali la pili lilikuwa juu ya mwiko: umetoka katika sufuria ipi? Mara mbili ilitokea kwamba mchuzi ni safi kabisa ila mwiko umetoka kukoroga kisamvu cha karanga. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya tangu Desemba 2014 inawataka wenye mikahawa kutaja vyakula 14 vinavyoleta aleji, karanga zikiwemo. Sisi sheria yetu ilikuwa mdomo.

Meli tuliyopanda ni Liemba, na historia yake ni ya ajabu. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaileta Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili isitekwe, ila mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa. (Miaka ya baadaye ilisimama kwa ajili ya matengenezo makubwa, hivyo anayetaka kuipanda na aulize kwanza Kigoma.)

Jambo la kwanza tulilofanya, kabla hata ya kutafuta mahali pa kuweka mizigo, lilikuwa kwenda jikoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Chakula bado."

Tulimweleza mpishi habari za mtoto. Hakutucheka. Alituuliza akila inakuwaje, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mboga ya jioni ile ina karanga na kwamba asingependa kutudanganya. Alichukua sufuria yetu yenye uzi mwekundu, akaiosha upya mwenyewe, akapika humo wali na samaki kabla ya kugusa kitu kingine, akatuita tuje tuchukue kabla foleni haijaanza. Tungekuwa na wapishi wa namna hiyo kila mahali, nusu ya shida ingekwisha.

Usiku ule Liemba ilisimama mara nyingi mbele ya vijiji visivyo na gati. Honi inalia, mitumbwi inatoka gizani na kuizunguka meli, watu wanapanda na magunia ya dagaa, kuku, mikungu ya ndizi, huku wengine wakishuka kwa kushikwa mikono. Kwenye kijiji kimoja alipanda bibi mzee sana, akakaa karibu na binti yetu. Wakaanza kuzungumza. Bibi akafungua pindo la khanga akampa matobolwa. Mtoto alifundishwa kuuliza, naye aliuliza: "Bibi, yana karanga?" Bibi akajibu, "Hapana, mjukuu wangu, ni viazi vitupu." Na kweli vilikuwa viazi vitupu. Ila pindo lile asubuhi lilibeba karanga za kukaanga.

Hazikupita dakika kumi. Alianza kujikuna shingo, akasema ulimi unamwasha, kisha sauti ikakauka. Tulimlaza juu ya mkeka, miguu tukaiinua juu ya mfuko, kichwa kidogo juu kwa sababu alikuwa anatafuta hewa. Mwenzetu alimulika kwa tochi. Adrenalini mililita 0.3 kwa mtoto wa umri ule, ndani ya msuli, upande wa nje wa paja. Si vidonge vya Piriton. Hivyo hutuliza muwasho tu na haviwezi kufungua koo linalofunga. Tukatazama saa. Kama dakika tano zingepita bila nafuu, ampuli ya pili ilikuwa tayari mkononi. Dakika ya nne alikohoa, akalia kwa sauti, na hakuna wimbo uliotupendeza kuliko kilio kile.

Tulipoinua macho tukaona kwamba tuna mgonjwa wa pili. Watu walikuwa wamemzunguka yule bibi. Mmoja aliuliza mtoto amepewa nini. Mwingine akasema, "Mtazameni macho." Msomaji wa kanda yetu anajua maneno hayo huishia wapi. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo chanzo chake ni moshi wa kuni wa miaka sitini. Bibi alikuwa anatetemeka, amekumbatia fundo lake, nyuma yake kuna maji ya kina cha zaidi ya kilomita moja.

Mwenzetu muuguzi alisimama juu ya gunia akawaeleza watu, kwa sauti kubwa, kwamba mtoto huyu amezaliwa hivyo, kwamba alipatwa na jambo lilelile kwao Litapunga akiwa na miaka minne na bibi huyu hakuwepo. Alikung'uta pindo la khanga mbele yao, yakaanguka maganda mekundu membamba ya karanga. Wengine walielewa, wengine waliendelea kunong'ona. Kilichowanyamazisha ni mama wa mtoto. Alikwenda akamshika bibi mkono, akamnawisha kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akamketisha kwenye mkeka wetu, akamwambia, "Mama, kaa hapa na mjukuu wako." Akakaa. Walilala wote watatu chini ya blanketi moja, na sisi tulikesha kwa zamu, kwa kuwa aleji huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata dawa ikishafanya kazi. Kulipokucha mpishi alituletea chai ya rangi katika kikombe chenye uzi.

Bibi alishuka Ikola. Sisi tulishuka Karema jioni, kwa mtumbwi, kwani bandari iliyopo sasa ilikuwa haijajengwa. Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema miaka ya mwisho ya 1880, akatibu watu pwani ile mpaka alipofariki mwaka 1956. Tulipokuwa tunasali pale, mama wa binti aliuliza kama katika miaka yote ile Atiman aliwahi kuona mtoto kama wake. Hatukuwa na jibu. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, vumbi tupu, na tulizipita ndani ya lori tukila mayai ya mwisho.

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Mama yake ameacha karanga, analima alizeti, na kwenye sherehe za majirani kuna sufuria moja ya mboga huwekwa pembeni, hakuna anayeigusa mpaka yeye apakue. Ukiwa na mtoto wa namna hii, nenda zahanati ya karibu siku ambayo si mgonjwa, uulize kama adrenalini ipo na nani ana ufunguo wa kabati usiku.