Nyota Kando ya Neno

Mrusi, Mpolandi na Mcheki wote huita dirisha okno. Wanaisimu walilinganisha lugha hizo dada, wakarudi nyuma hadi neno la mama yao, Kislavi asilia: *okъno. Hiyo nyota inamaanisha hakuna mahali lilipoandikwa. Alfabeti ya kwanza ya Kislavi ilikuja karne ya 9. Ndani yake kuna oko, yaani jicho. Dirisha ni jicho la nyumba.

Sisi letu tuliazima kwa Waajemi, na kwao lilikuwa mlango mdogo. Kwa Gĩkũyũ cha shosho likawa ndirica. Lakini riiko lake na jiko langu hayakuazimana. Ni ndugu, watoto wa Kibantu asilia, na neno la mama yao pia lina nyota.

Hapo ndipo stori inanigusa. Shosho huniongelesha kwa Gĩkũyũ, namjibu kwa Kiswahili, mdogo wangu kwa Sheng. Tunaelewana fiti. Ila kuna maneno yake sijawahi kuyaona kwa kitabu chochote, na akinyamaza, hakuna nyota itakayoyarudisha. Kwa hivyo siku hizi namuuliza kila kitu kinaitwaje, halafu namjibu kwa neno lake.