Lisemwalo Lipo, Lakini Nani Ana Haki ya Kulisema?

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ninapofundisha namna ya kupima ushahidi, huwapa wanafunzi wangu methali hii waihoji, na mfano ninaopenda kuutumia ni wa Apple, kampuni ya Marekani inayotengeneza kompyuta na ambayo uvumi kuhusu mashine zake umekuwa kama biashara ya pembeni.

Mwaka 1994 Apple ilitangaza yenyewe kwamba inaandaa mfumo endeshi mpya ulioitwa Copland. Huo haukuwa uvumi. Lilikuwa tangazo rasmi. Lakini mwaka 1996 mradi ulifutwa kabla ya kumfikia mnunuzi yeyote, na kufikia Desemba mwaka huohuo Apple ilitangaza kuinunua kampuni ya NeXT kwa takriban dola milioni 400 ili ipate msingi wa mfumo mwingine. Mfumo huo, Mac OS X, uliingia sokoni Machi 2001.

Tazama sasa upande wa pili. Mwaka 2002 jarida la eWeek liliandika kuwa ndani ya Apple kulikuwa na mradi wa siri, Marklar, wa kuifanya Mac OS X ifanye kazi kwenye chipu za aina ya Intel, ilhali kompyuta zote za Apple wakati huo zilitumia PowerPC. Tarehe 6 Juni 2005, jijini San Francisco, Steve Jobs alikiri jukwaani kwamba kwa miaka mitano mfumo huo ulikuwa ukiandaliwa kimyakimya kwa chipu za aina zote mbili. Mnong'ono ulitimia, tangazo rasmi halikutimia.

Hapo ndipo wanafunzi hukimbilia kuhitimisha kwamba uvumi ni mkweli kuliko taarifa rasmi. Huwazuia. Kompyuta ya mapajani ya PowerBook yenye chipu ya G5 ilivumishwa kwa muda mrefu, na haikutoka kamwe. Mhuri hauthibitishi ukweli, wala usiri hauuthibitishi. Hoja zote mbili hupimwa kwa mizani moja: nani anasema, amejuaje, na anapata nini tukimwamini.

Lakini kuna swali zito zaidi, ambalo methali haikuligusa: ni nani mwenye haki ya kulisema lisemwalo?

Kampuni ina sababu ya kuficha. Mwaka 1983 Osborne Computer ilifilisika, na wengi hutaja miongoni mwa sababu kwamba ilitangaza mapema mno mashine yake ijayo, wanunuzi wakaiacha iliyokuwa dukani. Sibezi hofu hiyo. Linalonisumbua ni kampuni inapoazima mkono wa dola ili kuilinda siri yake. Januari 2005 Apple ilimshtaki mchapishaji wa tovuti ya Think Secret, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard mwenye umri wa miaka 19, kwa kuandika habari za bidhaa ambazo hazijatoka. Umri huo ndio wa vijana ninaokutana nao kila wiki darasani. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano Desemba 2007: hakumtaja mtoa habari wake hata mmoja, lakini tovuti ilifungwa.

Katika shauri jingine, Apple ilitaka kupata barua pepe za mtandao wa PowerPage ili imjue aliyevujisha habari za kifaa cha muziki kilichopewa jina la siri, Asteroid. Mei 2006 Mahakama ya Rufaa ya California iliikatalia. Ilisema waandishi wa mtandaoni wanastahili kinga ileile ya kulinda vyanzo vyao wanayoipata waandishi wa magazeti, na haikukubali kuwa kazi ya mahakama ni kuchagua ipi ni habari halali.

Ikiwa mahakama iliona haki hiyo ni ya thamani hata pale siri inapohusu kifaa cha kurekodia gitaa, je, pale inapohusu mkataba, bajeti au dawa za hospitali ya wilaya? Siri ya kampuni ni mali ya wenye hisa. Taarifa iliyo kwenye jalada la umma ni mali ya mwananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa Mtanzania njia ya kuiomba.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtumishi wa umma, unapolalamika kwamba vijana wanasambaza uvumi kuhusu ofisi yako, jiulize kwanza ni maombi mangapi ya taarifa yamelala mezani pako bila majibu. Nawe mwanafunzi, kabla hujausambaza uvumi huo, andika barua ya maombi, itie tarehe, na utunze nakala yake.