Nani Atakubali Kuwa Yuda?

Yeyote aliyepata kuandaa mchezo wa Mateso ya Bwana parokiani kwake aijua shida hii. Ukitafuta mtu wa kuwa Petro, vijana kumi huinua mikono. Ukitafuta wa kuwa Pilato, hupatikana upesi, kwa kuwa Pilato huketi kitini na kuvaa nguo nzuri. Lakini ukiuliza, “Nani atakubali kuwa Yuda?” wote hutazama chini, kama wanaohesabu vidole vya miguu yao.

Sisi ni walimu wachache wa Makobola, kusini ya Uvira, kando ya barabara iendayo Baraka. Tumeihangaikia kazi ya kuigiza kwa miaka mingi, pamoja na wanafunzi wetu. Leo twapenda kuwaeleza yale tuliyojifunza, na mengi tumejifunza kwa makosa yetu wenyewe.

Wengi hudhani ya kuwa kuigiza ni kukariri maneno na kuvaa kanzu tu. Sivyo. Kazi huanza na mahali. Mwaka wetu wa kwanza tuliwasimamisha wachezaji upande wa milima, nao watazamaji wakalipa ziwa migongo. Upepo wa alasiri hutoka Tanganyika na kupanda nchi kavu. Basi ukayachukua maneno yote ya wachezaji na kuyapeleka milimani. Watu waliona midomo ikifunguka na kufungwa, kama ya samaki aliyeopolewa. Mwaka uliofuata tukageuza: ziwa likawa migongoni mwa wachezaji, na upepo uleule uliotuharibia kazi ukawa mtumishi wetu. Jua nalo likawaangaza nyusoni. Tangu hapo twaanza saa kumi kamili, kwa maana jua hujificha mapema nyuma ya milima ile, na taa zetu ni chache.

Kisha kuna shida ya mazoezi. Msichana huja ikiwa amekwisha kuteka maji na kutwanga muhogo. Mvulana huja ikiwa hakukesha ziwani akivua ndagala. Kwa sababu hiyo kila mchezaji twamfundisha pia maneno ya mwenziwe. Ndevu za mitume hutengenezwa kwa nyuzi za magunia, na vile vipande thelathini vya fedha ni vizibo vya chupa. Lugha nayo ina mambo yake. Majumbani watu wetu husema Kibembe, Kifuliiru au Kivira, na Kiswahili ndicho kitukutanishacho. Walakini tumeona ya kuwa mtu akilia mchezoni hulia vizuri zaidi kwa lugha ya mama yake. Hatumkatazi.

Wala haifai mwalimu ajidhanie kuwa yeye peke yake ndiye mwenye akili. Huko Lubumbashi, mwaka 1986, kundi mashuhuri la Mufwankolo lilitunga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja juu ya utawala. Hawakuanza na kitabu chenye maneno ya kila mtu. Walijadiliana maana ya msemo ule, wakajaribu, wakasahihishana, hata mchezo ukasimama. Nasi tumefuata njia hiyo, na mara nyingi wanafunzi wetu wamepata neno zuri kuliko lile tuliloliandika sisi.

Sasa turudi kwa Yuda. Mwaka mmoja kijana wa sekondari, mpole na msikivu, alikubali. Aliigiza vema mno. Alipovitupa vile vizibo chini, uwanja mzima ulinyamaza. Lakini Pasaka ilipokwisha, jina halikwisha. Watoto walimwita Yuda njiani, na sokoni wanunuzi walimtania mama yake, auzaye ndagala, kwamba asije akawauza na wao. Mwezi wa tatu mama akaja kwetu. Hakupaza sauti. Alisema, “Walimu, ninyi ndinyi mliompa mwanangu jina hili. Basi liondoeni.”

Tuliona haya. Tulikuwa tumemfundisha kijana namna ya kuuvaa ubaya, wala hatukumfundisha mtu yeyote namna ya kumvua. Mwaka uliofuata mzee kuliko wote miongoni mwetu akachukua yeye mwenyewe nafasi ya Yuda. Tena tukaweka desturi ambayo twaishika hata leo: kabla ya mchezo wachezaji wote hutokea katika nguo zao za kila siku, kila mmoja hutaja jina lake na la wazazi wake, kisha huvaa mavazi ya mchezo mbele ya macho ya watu. Mwisho huyavua palepale. Utani ulikoma. Watu waliona ya kuwa Yuda ni nguo ambayo yeyote kati yetu aweza kuivaa.

Walakini jaribio kubwa lilikuwa bado. Katika nchi ya Ujerumani kuna kijiji kiitwacho Oberammergau. Mwaka 1633 tauni iliwaua watu wengi wa huko, nao waliobaki wakamwekea Mungu nadhiri ya kuigiza Mateso ya Bwana. Walianza mwaka 1634, na desturi yao ya kila miaka kumi imeendelea hata siku zetu. Mara ya karibuni ilikuwa mwaka 2022, baada ya kucheleweshwa miaka miwili na ugonjwa wa korona. Habari hiyo ilitugusa, kwa kuwa kijiji chetu nacho kina wafu wake. Tangu tarehe 30 Desemba 1998, katika siku zile za kufunga na kufungua mwaka, raia waliuawa hapa Makobola na katika vijiji vya jirani. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yawahesabu kuwa zaidi ya 800. Wanafunzi wetu wa leo hawakuwa wamezaliwa. Tukasema, tuwaandalie mchezo, ili wajue.

Hapo tulikosa vibaya. Tulitafuta koti kuukuu la kijeshi, tukachonga bunduki ya mti. Hakuna aliyetaka kuwa askari, ila yule kijana aliyekuwa Yuda zamani. Siku ya mchezo alipotokea na kile kipande cha mti, bibi mmoja aliyeketi mbele alipiga ukelele, akaanguka. Wengine waliwashika watoto wao wakakimbia. Kijana alibaki peke yake uwanjani, akaitupa bunduki, akalia. Katika Oberammergau walioiona tauni ile walikwisha kufa zamani sana. Kwetu wenye kidonda walikuwa wameketi mstari wa mbele, nasi hatukuwauliza neno.

Tulikwenda kwa bibi yule kuomba radhi. Kisha tukakumbuka jambo tulilolisoma juu ya watunzi wa Uyunani ya kale. Kwa desturi wao hawakuonyesha mauaji mbele ya watazamaji. Aliingia mjumbe, akasimulia yaliyotukia. Tukamwendea tena bibi, tukamweleza, tukamwomba ruhusa. Akakubali.

Mara ya pili hapakuwa na koti wala bunduki. Kijana yuleyule aliingia mikono mitupu, akataja jina lake, akasimulia kwa sauti ya kawaida. Alipomaliza, bibi akainuka na fimbo yake. Tuliogopa. Akasema, “Mjukuu wangu, umesema vema, lakini umesahau majina.” Akaanza kuwataja wafu wake, mmoja mmoja. Alipochoka, mtu mwingine akasimama akataja wa kwake, na mwingine, hata jua likatuacha. Mwisho tuliouandika haukuigizwa, wala hakuna aliyeuulizia.

Basi, ninyi walimu mnaoandaa michezo, chunguzeni upepo na jua, lakini chunguzeni zaidi ni nani atakayeketi mbele. Nanyi wazazi, mtoto wenu akirudi nyumbani jioni baada ya kuwa Yuda, mpeni chakula, na mumwite kwa jina lake la ubatizo.