Mafunzo Wakati wa Biashara Mbaya

Mkulima hangoji mvua ndipo alitie jembe lake mpini. Kazi hiyo huifanya wakati wa kiangazi, akiba ikiwa haba, kwa sababu ndipo mikono yake ina nafasi. Lakini, msomaji, biashara ikiingia katika kiangazi chake, matajiri wengi hutenda kinyume: gharama ya kwanza kukatwa ni ile ya kuwafundisha wafanyakazi.

Sababu yao yaeleweka. Mishahara lazima ilipwe, kodi ya nyumba haingoji, na faida ya mafunzo haionekani mwisho wa mwezi. Hata hivyo hesabu hiyo ina pengo. Gharama ya kumfundisha fundi si ada ya mwalimu peke yake. Ni pamoja na saa ambazo fundi yule huiacha kazi yake. Karakana ikiwa na kazi tele, kila saa ya darasani ni gari lisilotengenezwa na mteja aendaye kwa jirani. Karakana ikiwa tupu, saa ile ile haina hasara kubwa, kwani fundi angeketi tu akitazama mlango. Basi mafunzo hupungua bei wakati ule ule watu wanapoyaona ghali.

Utazame Ujerumani mwaka 2009. Msukosuko ulioanzia katika mabenki ya Marekani ulikuwa umeenea, na uchumi wa Ujerumani ukapungua kwa zaidi ya asilimia 5. Viwanda vya mashine na magari vilikosa wanunuzi. Wenye viwanda wengi hawakuwafukuza watu wao; walipunguza saa za kazi, na serikali ikalipa sehemu ya ujira uliopotea. Wakati mpango huo ulipopamba moto, wafanyakazi karibu milioni 1.5 walikuwa ndani yake. Tena mwajiri aliyewatia watu wake mafunzoni katika saa zile tupu alirudishiwa michango yote ya bima ya jamii aliyowalipia kwa saa hizo. Sitakudanganya kwamba wote walikwenda darasani. Waliokwenda walikuwa wachache, nami naona hapo nafasi njema ilipotea. Lakini wanunuzi waliporejea mwaka 2010, mafundi walikuwapo.

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege, hoteli za pwani zilibaki tupu, na wapishi na wahudumu wengi wakarudishwa makwao. Mpishi wa miaka 10 akishafungua duka kijijini, si rahisi kumrudisha jikoni.

Liko pingamizi moja zito. Tajiri huuliza, "Nimfundishe mtu, kisha akimbilie kwa mwingine?" Swali hilo ni la haki, na sheria ya Kenya yalijibu kwa namna yake. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha ziendazo kwa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Naye afundishaye watu wake kwa kufuata taratibu aweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Karakana yenye watu 20 hulipa shilingi 12,000 kwa mwaka, uwe mwaka wa neema au wa dhiki. Mwenyewe asipomfundisha mtu hata mmoja, fedha yake huwafundisha mafundi wa mshindani wake.