Ushungi wa Muuguzi wa Vita

Kofia ya askari hukinga kichwa. Ushungi mweupe wa muuguzi wa jeshi haukumkinga mvaaji na risasi wala kipande cha bomu. Kazi yake ilikuwa kumtambulisha, ili majeruhi afumbuapo macho hemani ajue kuwa yumo mikononi mwa rehema.

Chama cha wauguzi wa jeshi la Uingereza kilichopewa jina la Malkia Alexandra kiliundwa mwaka 1902. Vazi lao lilikuwa gauni la kijivu, kitambaa chekundu cha mabegani, na ushungi ulioshuka kisogoni. Kuutunza weupe wake kulikuwa sehemu ya nidhamu. Walakini heshima ya vazi ilitangulia heshima ya cheo: hata ulipofika mwaka 1941 ndipo wauguzi hao walipopewa vyeo vya maofisa pamoja na alama zake. Kwa miaka karibu arobaini walisifiwa sana, na sifa isiyofuatwa na haki haiko mbali na kilemba cha ukoka.

Vita vilipokuwa vikali, weupe ulishindwa. Wauguzi waliofika Normandy mwezi Juni 1944 walivaa kaki na kofia za chuma, maana nyeupe na nyekundu huonekana mbali, tena hutaka maji mengi ya kufulia.

Lakini ni kofia gani ingaliwafaa abiria wa meli Khedive Ismail? Iling'oa nanga Mombasa mwezi Februari 1944 kwenda Colombo, imechukua wauguzi, wanawake wengine wa jeshi, na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika zisizozidi tatu. Manowari Petard ikatupa mabomu ya kulipuka chini ya maji kuiwinda nyambizi hiyo, hali walionusurika wangali wakielea. Watu 1,297 walikufa, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Wanawake waliookoka ni 6 tu.

Bahari haikubagua ushungi na kofia ya askari. Ushungi uliosalia, uliofuliwa ukakunjwa na kuhifadhiwa, hauna doa; na huko kutokuwa na doa huficha nusu ya habari. Autazamaye na akumbuke mavazi yasiyorudi, ya muuguzi na ya mpiga mizinga, ambao kaburi lao ni moja.